Muundo wa atomu na bondi za kikemia: kutoka namba atomia hadi umbo la molekuli

Ukichambua maswali ya mada hii, mengi yanauliza mambo matatu tu: elektroni za nje ni ngapi, zimekaa wapi, na kiini kinazivuta kwa nguvu kiasi gani. Mwanafunzi anayeyajibu hayo kwa mpangilio hana haja ya kukariri umbo la kila molekuli. Anayeruka hesabu ya elektroni na kukimbilia umbo hukosea hata pale anapojua kanuni zote. Chukua karatasi, kikokotoo na jedwali la elementi, kisha fanya kila hesabu kwa mkono wako kabla ya kusoma jibu lake hapa.

Hatua ya 1: Hesabu chembe

Namba atomia, Z, ni idadi ya protoni, nayo ndiyo inayoitambulisha elementi. Namba ya masi, A, ni jumla ya protoni na neutroni. Kwa hiyo neutroni ni A − Z. Ukipewa ioni, unagusa elektroni peke yake: chaji chanya maana yake elektroni zimetoka, chaji hasi maana yake zimeongezeka. Chuma ⁵⁶Fe³⁺ kina protoni 26, neutroni 30 na elektroni 23.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua uzani atomia wa kwenye jedwali na kuufanya namba ya masi. Klorini imeandikwa 35.45, lakini hakuna atomu ya klorini yenye uzani huo. Ni wastani wa isotopu mbili (atomu za elementi moja zenye neutroni tofauti): ³⁵Cl (34.969, asilimia 75.77) na ³⁷Cl (36.966, asilimia 24.23). Zidisha kila uzani kwa sehemu yake: 26.496 + 8.957 = 35.453.

Hatua ya 2: Panga elektroni kwenye obitali

Modeli ya Bohr ya mwaka 1913 bado ina kazi moja nzuri, nayo ni haidrojeni. Nishati ya kila ngazi, n, ni −13.6/n² kwa elektronivolti (eV). Elektroni ikishuka kutoka n = 3 hadi n = 2 inatoa 1.89 eV, yaani mwanga mwekundu wa nanomita 656. Ukifika kwenye heliamu, yenye elektroni mbili zinazosukumana, modeli hiyo inashindwa. Tangu mlinganyo wa Schrödinger wa 1926 tunazungumzia obitali: eneo ambalo uwezekano wa kuikuta elektroni ni mkubwa. Obitali si njia ambayo elektroni inaizunguka.

Kila elektroni ina namba nne za kwanta. Namba n ni ganda (1, 2, 3…). Namba l huanza 0 hadi n − 1, na thamani 0, 1, 2, 3 ndizo s, p, d, f. Namba mₗ huanza −l hadi +l, na mₛ, yaani spini, ni +½ au −½. Swali la mtihani likikupa seti ya namba na kuuliza kama inawezekana, angalia l kwanza. Mara nyingi hapo ndipo mtego ulipo, kwa mfano n = 2 na l = 2. Ganda la 2 halina d.

Jaza kwa mfuatano huu: 1s, 2s, 2p, 3s, 3p, 4s, 3d, 4p, 5s. Obitali moja hubeba elektroni mbili zenye spini kinyume, na obitali zenye nishati sawa hupata elektroni mojamoja kwanza kabla ya kuanza kupangwa jozi. Ukimaliza, jumlisha namba ndogo za juu. Zisipolingana na idadi ya elektroni uliyoipata hatua ya 1, rudi nyuma. Kromiamu na shaba zinavunja mfuatano: [Ar]3d⁵4s¹ na [Ar]3d¹⁰4s¹, ambapo [Ar] ni elektroni 18 za ndani zilizopangwa kama za agoni. Hizo mbili zikariri, hulipwa.

Sasa tufike panapoangusha wengi, yaani ioni za metali za mpito. Kwa kuwa 4s ilijazwa kabla ya 3d, mwanafunzi huona ni sawa 3d ndiyo itoke kwanza. Sivyo. Elektroni za 4s ndizo hutangulia kutoka. Chuma ni [Ar]3d⁶4s². Fe²⁺ ni [Ar]3d⁶, na Fe³⁺ ni [Ar]3d⁵. Ukiandika Fe²⁺ kuwa [Ar]3d⁴4s² utapata bado elektroni 4 zisizo na jozi, na kwa bahati jibu la sumaku litafanana. Kosa litaonekana kwenye Fe³⁺: mpangilio sahihi una elektroni 5 pweke (zisizo na jozi) na momenti ya sumaku √(5 × 7) = 5.92 μB (magnetoni za Bohr), mpangilio mbaya una 3 na 3.87 μB. Sababu ya 4s kutangulia inaonekana kwa namba katika hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kokotoa chaji fanisi ya kiini

Naisisitiza hatua hii kuliko zote, kwa kuwa mielekeo yote ya jedwali (ukubwa wa atomu, nishati ya kuondoa elektroni, na elektronegativiti, yaani nguvu ya atomu kuvuta elektroni za bondi) inatoka hapa. Elektroni ya nje haivutwi na Z nzima. Elektroni nyingine hukinga sehemu ya chaji hiyo. Kinachobaki ni Z* = Z − S, na S tunaikadiria kwa kanuni za Slater:

1. Andika elektroni kwa mafungu haya: (1s)(2s,2p)(3s,3p)(3d)(4s,4p) na kuendelea.
2. Chagua elektroni unayoichunguza. Zilizo kwenye mafungu ya kulia kwake hazihesabiwi.
3. Kila elektroni nyingine ya fungu hilohilo inakinga 0.35. Katika 1s ni 0.30.
4. Kama elektroni yako ni ya s au p: kila elektroni ya ganda n − 1 inakinga 0.85, na kila iliyo ndani zaidi inakinga 1.00.
5. Kama ni ya d au f: kila iliyo kwenye mafungu ya kushoto inakinga 1.00.

Oksijeni, elektroni ya nje: S = (5 × 0.35) + (2 × 0.85) = 3.45, hivyo Z* = 4.55. Naitrojeni inatoa 3.90 na florini 5.20. Unaona mwelekeo: kila hatua kwenda kulia inaongeza 0.65, kwa sababu protoni mpya inaongeza 1 ilhali elektroni mpya ya ganda lilelile inakinga 0.35 tu. Ndiyo maana atomu zinasinyaa kutoka kushoto kwenda kulia. Sodiamu, ambayo inafungua ganda jipya, inaporomoka hadi 11 − (8 × 0.85) − (2 × 1.00) = 2.20.

Fanya chuma sasa. Elektroni ya 4s: S = 0.35 + (14 × 0.85) + (10 × 1.00) = 22.25, hivyo Z* = 3.75. Elektroni ya 3d: S = (5 × 0.35) + (18 × 1.00) = 19.75, hivyo Z* = 6.25. Ya 3d imeshikwa kwa nguvu zaidi na iko karibu zaidi na kiini. Ya 4s ndiyo rahisi kung'oka. Kosa la mara kwa mara katika hesabu hii ni kusahau kutoa elektroni yenyewe: haijikingi, kwa hiyo fungu lenye elektroni sita linahesabiwa tano.

Slater hatofautishi 2s na 2p, kwa hiyo usitegemee kanuni zake kueleza mikunjo midogo. Nishati ya kwanza ya kuondoa elektroni ni 900 kJ/mol kwa beriliamu lakini 801 kwa boroni, kwani elektroni ya boroni inatoka 2p, iliyo juu ya 2s kwa nishati. Ni 1402 kwa naitrojeni lakini 1314 kwa oksijeni, kwani oksijeni ina jozi moja ndani ya obitali ya 2p na elektroni hizo mbili zinasukumana. Kwenye mtihani taja sababu hizo kwa jina la obitali. Kusema «naitrojeni imejaza nusu hivyo ni imara» bila kutaja msukumano ni jibu lililoishia njiani.

Nishati za kuondoa elektroni moja baada ya nyingine zinakupa kundi la elementi hata kama haijatajwa. Ukipewa 738, 1451, kisha 7733 kJ/mol, mruko uko baada ya elektroni ya pili: elektroni za valensi, yaani za ganda la nje, ni mbili. Hiyo ni magnesiamu.

Hatua ya 4: Amua aina ya bondi

Tafuta tofauti ya elektronegativiti kwa kipimo cha Pauling. Sodiamu 0.93 na klorini 3.16 zinatoa 2.23: bondi ya ioni, ambamo elektroni inahama atomu. Kaboni 2.55 na haidrojeni 2.20 zinatoa 0.35: bondi kovalenti, yaani ya kushirikiana elektroni, isiyo na upendeleo mkubwa. Mpaka wa 1.7 unaofundishwa ni wa kukadiria tu. Haidrojeni floridi ina tofauti ya 1.78, na bado ni molekuli inayochemka kwenye nyuzi 19.5 za Selsiasi, wakati chumvi ya sodiamu kloridi haiyeyuki mpaka nyuzi 801. Kwa hiyo ukimaliza kutoa namba, jiulize pia: je, hapa kuna metali? Metali kwa metali huwa ni bondi ya kimetali, ambamo elektroni za valensi zinashirikiwa na kipande kizima.

Kwa bondi ya ioni, uimara hautokani na «kupenda» kwa atomu kujaza ganda. Kuondoa elektroni kwenye sodiamu kunagharimu 496 kJ/mol, na klorini ikipokea inarudisha 349 tu. Hasara hiyo inalipwa na nishati ya kimiani, yaani mvutano wa ioni zote ndani ya fuwele. Mzunguko wa Born–Haber unaonyesha hivyo, kwa kJ/mol:

- Sodiamu mango kuwa gesi: +107
- Nusu ya Cl₂ kuvunjika: +121
- Kuondoa elektroni kwenye sodiamu: +496
- Klorini kupokea elektroni: −349
- Jumla hadi hapa: +375
- Nishati ya kutengenezwa kwa NaCl: −411
- Nishati ya kimiani: −411 − 375 = −786

Kinachoharibika hapa ni vitu viwili. Kwanza, kutumia nishati ya bondi nzima ya Cl–Cl (242) badala ya nusu yake. Pili, kugeuza alama ya elektroni inayopokelewa. Kuwa mwangalifu zaidi ukifika kwenye oksidi: oksijeni ikipokea elektroni ya kwanza inatoa nishati, lakini ya pili inahitaji nishati, kwa sababu unaisukuma elektroni kwenye ioni ambayo tayari ni hasi. Na kwa nini hakuna NaCl₂? Elektroni ya pili ya sodiamu inatoka ganda la ndani na inagharimu 4562 kJ/mol. Nishati ya kimiani haifikii kulipa deni hilo.

Hatua ya 5: Chora mchoro wa Lewis

Lewis alitoa wazo la jozi ya elektroni mwaka 1916, na mpaka leo hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

1. Jumlisha elektroni za valensi. Ongeza moja kwa kila chaji hasi, punguza moja kwa kila chaji chanya.
2. Weka katikati atomu yenye elektronegativiti ndogo. Haidrojeni haikai katikati.
3. Unganisha kila atomu kwa bondi moja (elektroni mbili).
4. Jaza okteti za atomu za pembeni, yaani elektroni nane kila moja. Haidrojeni inapata mbili tu.
5. Zilizobaki weka katikati.
6. Katikati pakipungukiwa, geuza jozi huru (zisizo kwenye bondi) za pembeni kuwa bondi mbili (=) au tatu (≡) kati ya atomu zilezile.
7. Kokotoa chaji rasmi: elektroni za valensi − elektroni huru − idadi ya bondi.

Tuchukue N₂O, inayofundisha vizuri kuliko mifano iliyozoeleka. Valensi: 5 + 5 + 6 = 16. Naitrojeni iko katikati: N–N–O. Bondi mbili zinachukua 4, zinabaki 12, nazo zote zinaishia pembeni, sita kila upande. Naitrojeni ya katikati ina 4 tu, hivyo inahitaji bondi mbili zaidi. Kuna njia tatu za kuziweka:

- N≡N–O: chaji rasmi 0, +1, −1
- N=N=O: −1, +1, 0
- N–N≡O: −2, +1, +1

Wa tatu unaanguka: una chaji −2, na chanya mbili zimekaa jirani. Kati ya miwili iliyobaki, wa kwanza una uzito zaidi, kwa kuwa chaji hasi iko kwa oksijeni, yenye elektronegativiti kubwa. Lakini molekuli halisi ni mchanganyiko wa yote miwili, na vipimo vinathibitisha: N–N ni pikomita 113 hivi, kati ya bondi tatu ya N₂ (110) na bondi mbili ya kawaida ya N=N (karibu 125). Kwa hiyo usiseme molekuli «inabadilikabadilika» kati ya michoro. Iko moja tu wakati wote, na resonansi (kutumia michoro kadhaa kwa molekuli moja) ni upungufu wa uchoraji wetu.

Ukijaribu oksijeni katikati, N=O=N, chaji rasmi zinakuwa −1, +2, −1. Hiyo +2 juu ya oksijeni ndiyo inayokuambia mpangilio huo umekosea. Jumla ya chaji rasmi lazima ilingane na chaji ya molekuli. Isipolingana, umehesabu vibaya hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Toa umbo

Hesabu makundi ya elektroni yanayoizunguka atomu ya katikati. Bondi mbili au tatu inahesabiwa kundi moja, na jozi huru ni kundi moja. Makundi 2 yanatoa mstari mnyoofu (180°), 3 pembetatu bapa (120°), 4 tetrahedroni (109.5°), 5 piramidi mbili za pembetatu zilizogusana kitako (90° na 120°), 6 oktahedroni (90°). Kisha lipe umbo jina kwa kuangalia atomu peke yake.

Jozi huru husukuma zaidi kuliko jozi ya bondi. Metani ina 109.5°, amonia 107°, maji 104.5°. Mpaka hapo wengi wako salama. Ugumu unaanza kwenye makundi 5 na 6.

ClF₃: valensi 7 + 21 = 28. Bondi tatu zinachukua 6, florini zinachukua 18, zinabaki 4, yaani jozi huru mbili kwenye klorini. Makundi 5. Jozi huru hukaa kwenye ikweta, kwa kuwa huko kila moja inapata majirani wawili tu wa 90°, wakati nchani ingepata watatu. Florini tatu zinabaki na umbo la herufi T, na pembe iliyopimwa ni 87.5°, pungufu kidogo ya 90° kwa ajili ya msukumo huo. XeF₄: valensi 36, jozi huru mbili, makundi 6. Jozi hizo hukaa mkabala, juu na chini, na umbo ni mraba bapa. Ukizipanga jirani utapata umbo lisilo sahihi na momenti ya dipoli (kipimo cha chaji kuegemea upande mmoja wa molekuli) isiyokuwepo.

Kuhusu dipoli, chora mishale ya bondi na usisahau mshale wa jozi huru. NH₃ ina 1.47 D (debye) na NF₃ ina 0.23 D tu, ingawa zote ni piramidi. Katika amonia mishale ya bondi inaelekea kwa naitrojeni, upande ilipo jozi huru, ikaongezeana. Katika NF₃ florini zinavuta upande wa pili, zikaibatilisha karibu yote. CO₂ na XeF₄ zina bondi zenye ncha lakini dipoli ni sifuri kwa sababu ya ulinganifu.

Uhibridi wa obitali, yaani kuchanganya obitali za s na p, soma baada ya umbo, kamwe si kabla: makundi 2 ni sp, 3 ni sp², 4 ni sp³. Ni lugha ya kueleza umbo ulilokwisha kulipata. Kwa makundi 5 na 6 vitabu vingi huandika sp³d na sp³d², ingawa hesabu za kisasa zinaonyesha obitali za d zinachangia kidogo sana. Na metani yenyewe, ikipimwa kwa spektroskopia ya fotoelektroni (kupima nishati ya elektroni zinazong'olewa na mwanga), inaonyesha bendi mbili za elektroni za valensi, karibu na 14 eV na 23 eV, wakati bondi nne za sp³ zilizo sawa zingekufanya utarajie moja. Hapo ndipo obitali za molekuli zinapohitajika.

Hatua ya 7: Obitali za molekuli kwa molekuli za atomu mbili

Mchoro wa Lewis wa O₂ una bondi mbili na kila elektroni ina jozi. Lakini oksijeni ya kimiminika huvutwa na sumaku, hivyo ina elektroni pweke. Fuata hatua hizi:

1. Jumlisha valensi: O₂ ina 12.
2. Andika ngazi kutoka chini (σ iko kwenye mstari wa viini, π iko pembeni mwake, na nyota * ni ya kutenganisha). Kwa O₂ na F₂: σ2s, σ*2s, σ2p, π2p (mbili), π*2p (mbili), σ*2p. Kwa Li₂ hadi N₂, π2p iko chini ya σ2p, kwa kuwa 2s na 2p zao ziko karibu kwa nishati na zinachanganyikana.
3. Jaza kama ulivyojaza atomu, mojamoja kwanza pale nishati inapokuwa sawa.
4. Idadi ya bondi = (elektroni za kuunganisha − za kutenganisha) ÷ 2.

O₂: nane za kuunganisha, nne za kutenganisha, idadi ya bondi 2, na elektroni mbili pweke kwenye π*. Sumaku imeelezwa.

Sasa ondoa elektroni moja kwenye O₂ na moja kwenye N₂. O₂ inaipoteza kutoka π*, idadi ya bondi inapanda hadi 2.5 na bondi inafupika kutoka pikomita 121 hadi 112. N₂ inaipoteza kutoka obitali ya kuunganisha, idadi inashuka kutoka 3 hadi 2.5, na bondi inarefuka kidogo, 110 hadi 112. Ukiongeza elektroni kwenye O₂, zote zinaingia π*: O₂⁻ ina 1.5 na urefu wa karibu 135, O₂²⁻ ina 1 na karibu 149.

Jipime kwa NO. Ina elektroni 11 za valensi, kwa hiyo hakuna mchoro wa Lewis unaoweza kuipa kila atomu okteti yake. Idadi ya bondi ni 2.5 na elektroni ya mwisho imekaa peke yake kwenye π*. Kabla ya kutazama jedwali lolote, andika kama NO⁺ itakuwa na bondi fupi au ndefu kuliko NO, na kwa nini. Vipimo ni 115 kwa NO na 106 kwa NO⁺.